Jirani Aliyebaki Hai

Ndani kabisa ya ubongo, kulia na kushoto, karibu na usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iliyojikunja inayoitwa hipokampasi. Kazi yake kubwa ni kumbukumbu. Mtu aliyeharibika hapo anaweza kukusimulia harusi yake ya miaka thelathini iliyopita bila kukosea, lakini ukitoka chumbani na kurudi baada ya robo saa atakusalimu upya, kana kwamba ndiyo kwanza umefika.

Ukichukua kipande chembamba cha hipokampasi, ukakitia rangi na kukitazama kwa hadubini, utaona safu ya seli za neva zilizobanana, zikifuata mkunjo wote. Mwaka 1934 mtafiti Rafael Lorente de Nó aliigawa safu hiyo katika maeneo manne, akayapa majina yanayotumika mpaka leo: CA1, CA2, CA3 na CA4. Asiye mzoefu hawezi kukuonyesha kwa kidole CA1 inaishia wapi na CA3 inaanzia wapi. Seli za pande zote mbili zinafanana, na zile za CA3 hupeleka ujumbe kwa zile za CA1 usiku na mchana.

Sasa zuia damu isifike kwenye ubongo wa panya wa maabara kwa dakika chache, kisha uiachie ipite tena. Ngoja siku nne, halafu utazame. Seli za CA1 karibu zote zimekufa. Seli za CA3, zilizokosa damu kwa dakika zilezile katika ubongo uleule, nyingi bado ni nzima.

Kwa miongo mingi watafiti waliuliza: kwa nini hizi zinakufa? Lilikuwa swali la haki, na lilizaa elimu kubwa pamoja na dawa nyingi ambazo hazikumfaa mgonjwa hata mmoja. Sura hii inawahusu wachache walioligeuza swali hilo wakauliza: zile nyingine zimeponaje?

Kifo kisicho na haraka

Tuanze na kiharusi chenyewe. Kuna namna kuu mbili. Katika ya kwanza, bonge la damu linaziba mshipa unaolisha sehemu ya ubongo. Katika ya pili, mshipa unapasuka na damu inavuja ndani ya kichwa. Tunayoizungumzia hapa ni ile ya kwanza, ya kuziba.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Akiba yake ya sukari ni ndogo mno. Mshipa ukiziba, eneo lililotegemea mshipa huo peke yake hufa ndani ya dakika chache, na hapo hakuna la kuokoa. Ila kulizunguka eneo hilo hubaki ukanda unaopata damu kidogo kutoka mishipa ya jirani. Seli za ukanda huo zimenyamaza, hazifanyi kazi, mkono hauinuki na maneno hayatoki, lakini hazijafa. Zinaweza kudumu hivyo kwa saa kadhaa. Vita vyote vya tiba ya kiharusi vinapiganwa kwenye ukanda huo.

Kwamba seli za ubongo hazifi kwa usawa, hilo lilionekana zamani. Mwaka 1880 daktari wa Ujerumani, Wilhelm Sommer, alieleza jinsi bongo za watu waliokufa wakiwa na kifafa zilivyopoteza seli katika kipande kimoja cha hipokampasi, huku sehemu za pembeni zikibaki. Kipande hicho, ambacho kwa sehemu kubwa ndicho CA1 ya leo, bado madaktari wanakiita kwa jina lake.

Miaka 102 baadaye, mwaka 1982, Takaaki Kirino wa Japani aliongeza jambo lililowashangaza wengi. Alitumia panya wadogo wa jangwani, ambao mishipa ya chini ya ubongo wao haikukamilika kuungana. Ukiibana mishipa miwili ya shingo, ubongo wa mbele unakosa damu. Aliibana kwa dakika 5 tu. Siku ya kwanza CA1 ilionekana karibu na kawaida. Siku ya pili mabadiliko yakaanza. Siku ya nne seli karibu zote zilikuwa zimekwisha. Maana yake, kuna seli ambazo hazikuuawa na ule ukosefu wa damu papo hapo. Ziliponea chupuchupu, damu ikarudi, kisha zikafa taratibu kwa mambo yaliyokuwa yakiendelea ndani yake.

Binadamu naye hakuachwa nje. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, Stuart Zola-Morgan, Larry Squire na David Amaral, walichapisha habari za mgonjwa anayejulikana katika vitabu kwa herufi mbili tu, R.B. Baada ya upasuaji wa moyo alipata tatizo la damu kutofika vizuri kwenye ubongo, na tangu hapo hakuweza kuhifadhi mambo mapya. Akili yake nyingine ilikuwa timamu. Aliishi miaka 5 hivi katika hali hiyo. Alipofariki, ubongo wake ulipochunguzwa kwa makini, dosari kubwa iliyoonekana ilikuwa CA1, pande zote mbili, kutoka mwanzo wake hadi mwisho.

Dawa elfu moja

Kama kifo kinachukua siku, basi kinaweza kuzuiwa. Ndivyo watafiti walivyofikiri, na hawakukosea kufikiri hivyo. Walichora hatua kwa hatua njia ya kuelekea kifo: nishati inakwisha, seli inamwaga kemikali ya glutamati, glutamati inafungua milango ya seli jirani, kalisi inaingia kwa wingi kupita kiasi, vimeng'enya vinaanza kutafuna kuta za seli. Kila hatua ikatengenezewa dawa ya kuizuia.

Dawa hizo zilifanya kazi kwa panya. Kwa watu ziligoma. Mwaka 2006 kundi la watafiti lilihesabu matibabu ya majaribio yaliyokuwa yameandikwa katika majarida ya sayansi, likakuta 1,026. Mwaka uliofuata yalichapishwa matokeo yaliyoonyesha kwamba dawa iliyotumainiwa kuliko zote, NXY-059, ilishindwa katika jaribio lililohusisha zaidi ya wagonjwa 3,000, baada ya jaribio la kwanza kuwapa watu matumaini.

Mmoja wa waliojifunza mapema kwamba panya anaweza kumdanganya mtafiti ni Alastair Buchan. Mwaka 1990, akiwa na William Pulsinelli, alichunguza dawa iitwayo MK-801, ambayo huzuia glutamati na ilikuwa gumzo la maabara nyingi wakati huo. Wanyama waliopewa dawa hiyo walionekana kupona. Wawili hao walipopima joto la mwili waligundua kwamba dawa ilikuwa inawapoza wanyama. Walipowatia joto wakabaki kwenye kiwango cha kawaida, kinga ikatoweka. Kilichookoa seli kilikuwa ubaridi. Dawa ilipewa sifa isiyokuwa yake.

Dawa ya moto

Wakati huohuo, habari nyingine ilikuwa inatoka kwenye moyo. Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Duke, Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer waliziba mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 40 na kupima sehemu iliyokufa. Mbwa wengine waliwaziba kwanza mara nne, dakika 5 kila mara, wakiruhusu damu ipite katikati, ndipo wakafuatisha zile dakika 40. Ungetarajia moyo ulioteswa mara tano uharibike zaidi. Uliharibika kwa kiasi cha robo tu ya ule mwingine.

Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Mwaka 1990 Kazuo Kitagawa na wenzake huko Osaka walionyesha kwamba ubongo nao una tabia hiyohiyo: panya aliyenyimwa damu kwa muda mfupi sana usiomdhuru, akaachwa apumzike, alivumilia baadaye kipindi ambacho kwa kawaida kingeimaliza CA1 yake. Kuna kitu kilichoamshwa na lile jaribu dogo. Kitu hicho hakikutoka duka la dawa. Seli ilikuwa nacho.

Kwa hiyo mtafiti ana mafumbo mawili yanayofanana. Seli za CA3 zinazopona bila msaada, na seli za CA1 zinazopona zikionjeshwa shida kwanza. Buchan, ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na Michalis Papadakis na wenzao, waliyaweka mafumbo hayo pamoja. Kama kuna protini moja inayoonekana mahali pote pawili penye kupona, na haionekani penye kufa, basi hiyo inastahili kuhojiwa.

Majibu yao yalitoka katika jarida la Nature Medicine mwaka 2013. Protini waliyoipata inaitwa hamatini. Damu ilipokatika, kiwango cha hamatini kilipanda katika seli za CA3. Katika CA1 hakikubadilika. Lakini CA1 iliyoonjeshwa ukosefu mdogo wa damu kabla ya ule mkubwa, nayo ilipandisha hamatini, na seli zake zikaishi.

Kuonekana pamoja si ushahidi wa kusababishana, na watu waliokwisha kudanganywa na MK-801 walilijua hilo. Wakachukua virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuleta ugonjwa, vikabebeshwa agizo la kunyamazisha jeni inayotengeneza hamatini. Seli za neva zilizonyamazishiwa jeni hiyo zilikufa kwa urahisi zaidi, kwenye vyombo vya maabara na ndani ya ubongo wa panya pia. Tabia ya panya nayo ilibadilika. Kwa kawaida panya akiwekwa mahali pageni hupazunguka kwa bidii, akinusa kila kona. Kadiri muda unavyokwenda hupunguza mwendo kwa kuwa ameshapazoea. Hawa waliopungukiwa hamatini walizurura kupita kiasi na walichelewa kupazoea. Kisha watafiti wakafanya kinyume: wakaongeza hamatini katika seli zilizo kwenye vyombo, wakazinyima oksijeni na sukari. Zilistahimili zaidi.

Protini iliyojulikana kwa ubaya wa kukosekana

Hamatini haikuwa ngeni. Madaktari waliifahamu kwa sababu nyingine kabisa, na habari zake zinaanza mwaka uleule wa Sommer. Mwaka 1880, huko Paris, daktari Désiré-Magloire Bourneville alieleza ubongo wa msichana wa miaka 15 aliyefariki baada ya kuteswa na kifafa. Kwenye uso wa ubongo alikuta vinundu vigumu, vyeupe. Ugonjwa huo leo unaitwa kwa kifupi TSC. Anayezaliwa nao huota vivimbe kwenye ubongo, figo, ngozi na kwingineko, na wengi wao hupata degedege tangu utotoni.

Mwaka 1997 jeni ya TSC1, iliyoko kwenye kromosomu ya 9, ilitambuliwa kuwa mojawapo ya mbili zinazosababisha ugonjwa huo zikiharibika. Protini inayotokana nayo ndiyo hamatini. Ikiwa nzima hushikana na mwenzake, tuberini, na kwa pamoja huidhibiti protini nyingine iitwayo mTOR.

mTOR ni kama msimamizi wa ujenzi ndani ya seli. Chakula kikiwapo anaamuru: tengeneza protini, panua, gawanyika. Hamatini na tuberini ndio wanaomshika mkono pesa inapokwisha. Ujenzi ukisimama, seli hubomoa vitu vyake vichakavu, protini zilizoharibika na vinu vya nishati vilivyopasuka, na kutumia vifaa hivyo kuendeshea maisha mpaka neema irudi. Kitendo hicho cha seli kujila kwa mpangilio wanasayansi wanakiita otofajia. Christian de Duve alikipa jina hilo mwaka 1963, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kufichua jinsi kinavyoendeshwa.

Sasa mambo mawili yaliyoanza mwaka 1880 yanakutana. Mtoto mwenye TSC hana wa kumzuia mTOR, hivyo ujenzi hauishi na vivimbe vinaota. Seli ya CA3 iliyokatiwa damu inapandisha hamatini, mTOR anatulizwa, otofajia inaanza, na seli inavuka siku za hatari kwa kula akiba yake ya ndani. Seli ya CA1 haifanyi hivyo kwa wakati. Watafiti wa Oxford waliona kwamba kinga ya hamatini katika vyombo vyao ilipitia njia hii hasa.

Kutoka kwa panya hadi kitandani

Msomaji aliyefika hapa atauliza dawa iko wapi. Bado haipo, na sababu zake zinafaa kuelezwa waziwazi.

Kwanza, hamatini ni protini kubwa, yenye amino asidi 1,164. Huwezi kuimeza ikafika ubongoni. Tumbo litaimeng'enya kama nyama, na hata ukiidunga kwenye damu, ukuta unaotenganisha damu na ubongo hauruhusu kitu cha ukubwa huo kupita. Ingebidi ipatikane molekuli ndogo ya kuiamsha ile iliyomo ndani, au ya kufanya kazi inayofanana na yake.

Molekuli kama hiyo ipo. Rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa kwenye udongo uliochukuliwa kisiwa cha Rapa Nui, humzuia mTOR, na herufi R katika jina la mTOR imetoka kwenye dawa hiyo. Ndugu yake, everolimasi, tayari inatumika kutibu vivimbe vya wagonjwa wa TSC. Lakini dawa hizi hupunguza kinga ya mwili, na mgonjwa wa kiharusi aliyelazwa, anayemeza kwa shida, yuko karibu sana na nimonia.

Pili, otofajia ina makali pande mbili. Kiasi chake husaidia. Ikizidi, au ikianza isipokamilika, seli inaweza kujimaliza. Yapo majaribio ya wanyama ambayo kuizuia ndiko kulikopunguza madhara. Suala ni kipimo na wakati, na mambo hayo mawili ndiyo magumu kuyapata katika wodi.

Tatu, panya wa majaribio haya walikosa damu ubongo mzima kwa muda na kisha ikarudi, jambo linalofanana zaidi na moyo kusimama kuliko bonge lililoziba mshipa mmoja. Na kufa kwa seli za CA1 siko kunakomfanya mtu apooze mkono.

Nne, kitu kuwa cha asili mwilini hakukipi kibali cha usalama. Erithropoietini ni protini ambayo mwili huitengeneza, na ubongo wenyewe huitoa unapokosa oksijeni. Iliwakinga panya vizuri. Mwaka 2009 matokeo ya jaribio la Ujerumani lenye wagonjwa 522 wa kiharusi yalitoka: katika kundi lililopewa erithropoietini walikufa asilimia 16.4, na katika kundi jingine asilimia 9. Anayeuziwa kopo la kuimarisha ubongo kwa maelezo kwamba ni la asili aikumbuke hesabu hiyo.

Hata hivyo, kazi ya Oxford ina thamani yake. Kabla yake, orodha ndefu ya dawa ilitengenezwa kwa kufuata njia ya kifo na kujaribu kuweka vizuizi. Papadakis na Buchan walitengeneza orodha ya aina nyingine: mambo ambayo seli hufanya zinapoamua kuishi. Ni orodha fupi, lakini kila kilichomo kimekwisha kufanya kazi angalau mara moja ndani ya ubongo wenyewe.

Wakati tunasubiri

Buchan mwenyewe hakukaa akiisubiri protini. Alipokuwa Calgary, Kanada, alikuwa miongoni mwa waliobuni mwaka 2000 njia ya kusoma picha ya CT-Scan kwa alama kumi, ili daktari aamue haraka kama mgonjwa anafaa kupewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Dawa hiyo ilithibitishwa mwaka 1995 kwa saa 3 za mwanzo, na mwaka 2008 muda ukaongezwa hadi saa 4 na nusu. Lazima picha itangulie, kwa kuwa ukimpa mgonjwa ambaye mshipa wake umepasuka, unaweza kumuua.

Huku kwetu haja si ya nadharia. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu wa Hai, Kilimanjaro, na wa Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 wa kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 315.9, kiwango cha juu hata ukilinganisha na nchi tajiri. Adui mkuu ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Vidonge vyake vipo na bei yake inajulikana. Tatizo ni mtu kuviacha siku anapojisikia vizuri.

Na iko tahadhari moja inayotokana na sura hii. Mtu akipooza mdomo au mkono kwa dakika kumi kisha akarudi hali ya kawaida, asidhani ubongo wake umepata mazoezi kama ule wa panya wa Osaka. Hilo ni onyo kwamba bonge kubwa zaidi linaweza kufuata, pengine ndani ya siku mbili. Mahali pake ni hospitali, siku hiyohiyo.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hamatini ni msala ambao bado unafumwa. Mbacha tulionao ni muda. Mwaka 2006 daktari wa Marekani Jeffrey Saver alikadiria kwamba katika kiharusi cha mshipa mkubwa kuziba, kila dakika isiyo na tiba huondoka na seli za neva milioni 1.9. Basi ukimkuta mzazi wako uso umeshuka upande mmoja, mkono hauinuki na maneno yanakwama, kabla ya kumpigia ndugu yeyote tafuta gari, na kabla ya gari kufika andika saa ya mwisho alipoonekana mzima. Hilo ndilo swali la kwanza daktari atakalokuuliza, na jibu lake ndilo linaloamua kama dawa ya kuyeyusha bonge bado inaruhusiwa.